Siku McCain Alipozomewa na Watu Wake

Mama mmoja mtu mzima, amevaa nyekundu, amepewa maiki. Ni Ijumaa tarehe 10 Oktoba 2008, ukumbi wa shule ya sekondari pale Lakeville, jimbo la Minnesota, na mbele yake amesimama John McCain, mgombea urais wa Republican, kwenye ile mikutano ya maswali na majibu ambayo yeye aliipenda kuliko kampeni nyingine zote. Mama anasema hawezi kumwamini Obama. Amesoma habari zake. Anasita, anatafuta neno, halafu linamtoka: ni Mwarabu.

McCain anatikisa kichwa hata mama hajamaliza. Anaichukua ile maiki mkononi mwake. Hapana mama, anasema, hapana. Ni mtu wa heshima, mtu wa familia, raia, ambaye mimi na yeye tunatofautiana kwenye mambo ya msingi, na kampeni hii inahusu hayo.

Basi. Sekunde chache tu.

Hiyo klipu haijaniondoka kichwani wiki kadhaa sasa.

## "Ona wenzetu"

Kila tukianza kunusa uchaguzi lazima kuna mtu ataituma kwenye grupu, na maneno chini yake ni yale yale, ona wenzetu. Na mimi kila nikiyaona hayo maneno kuna kitu kinanikwama kooni, manake hao wenzetu wiki hiyo hawakuwa sawa hata kidogo, na yule mzee anayesifiwa kwa kutuliza watu alikuwa na mkono wake kwenye kilichowachemsha.

Kwa hivyo nimekaa nayo. Nimetazama ule mkutano zaidi ya hicho kipande cha mama mwenye nyekundu, na nilichokipata huko ndicho kilichonifanya niandike.

## Wiki yenyewe ilikuwaje

Benki ya Lehman Brothers ilikuwa imeanguka tarehe 15 Septemba. Hiyo wiki ya Lakeville soko la hisa la New York lilishuka kama asilimia 18, wiki mbaya kuliko zote zilizowahi kurekodiwa pale, na watu walikuwa wanaona pensheni zao zikiyeyuka huku kura za maoni zikimkimbia McCain kila siku. Chama chake ndicho kilichokuwa Ikulu, nani angempa pole?

Ukiwa unashindwa namna hiyo na siku zimebaki chache, unaacha kuzungumzia uchumi na unaanza kumzungumzia mtu. Tarehe 4 Oktoba mgombea mwenza wake, Sarah Palin, akawaambia watu kwamba Obama anatembea na magaidi. Alikuwa anamlenga Bill Ayers, ambaye enzi za vita vya Vietnam alikuwa kwenye kundi lililokuwa likitega mabomu, wakati Obama bado ni mtoto. Tarehe 6, pale Albuquerque, McCain mwenyewe akauliza umati: huyu Barack Obama halisi ni nani? Na sauti moja kutoka kwenye umati ikajibu kwa nguvu.

Gaidi!

Akaendelea na hotuba.

Huku kwetu nako hatukuwa mbali na hiyo hadithi. Tarehe 7 watu wa Uhamiaji walimchukua Jerome Corsi hapa Nairobi, yule mwandishi Mmarekani aliyekuja na kitabu chake cha kumshambulia Obama, wakamrudisha kwao. Na miezi kadhaa nyuma ilikuwa imezunguka ile picha ya Wajir ya 2006, Obama amevishwa kilemba na shuka na wazee wa Kisomali, heshima ya kawaida kabisa ambayo mgeni yeyote mkubwa angefanyiwa kule, lakini ilipofika Marekani ikageuka kuwa ushahidi wa jambo baya. Sisi tuliokuwa tunaijua Wajir tulibaki tunashangaa. Kwani amefanya nini?

Sasa hiyo ndiyo wiki ambayo mama wa watu alisimama na kusema amesoma habari zake. Kweli alikuwa amesoma. Kulikuwa na watu wanamwandikia.

## Yule baba

Ukiitazama Lakeville yote utamwona na mwanamume mmoja, na klipu yake haitumwi sana kwenye magrupu. Huyu hakusema uongo wowote. Alisema yeye na mkewe wanatarajia mtoto, na wanaogopa. Wanaogopa kumlea mtoto wao chini ya rais Obama.

Nataka uisome taratibu hii sehemu, manake ndiyo iliyonigeuza.

McCain alimwambia, mimi nataka kuwa rais, na sitaki Obama awe. Lakini lazima nikuambie ukweli, ni mtu wa heshima, na ni mtu ambaye huna haja ya kumwogopa akiwa rais wa Marekani.

Wakamzomea.

Watu wake. Waliopanga foleni kumwona, wenye fulana na mabango ya jina lake, walimzomea ndani ya ukumbi wake mwenyewe na yeye amesimama pale katikati yao hana hata jukwaa la kujificha nyuma yake. Akawaambia kama nisingeamini kwamba mimi ningekuwa rais bora kuliko yeye, na bora kwa mbali, nisingekuwa hapa nagombea. Akawaambia atapigana, na hata wao wasipunguze ukali wao, ila iwe kwa heshima. Akasema anamheshimu Obama na anayaheshimu aliyoyafanya, na hapo pia wakamzomea.

Mimi nilikuwa nimezoea kufikiri kwamba cha maana siku ile ni kusahihisha uongo. Lakini uongo magazeti yanaweza kuusahihisha, na kweli yalikuwa yanausahihisha kila siku. Hofu ya yule baba hakuna gazeti lingeigusa. Obama mwenyewe asingeweza, angesema nini, usiniogope? Polisi, tume, maaskofu, hakuna. Alikuwepo mtu mmoja tu duniani ambaye yule baba angemsikiliza kuhusu jambo hilo, na huyo mtu alikuwa anaihitaji hiyo hofu ili apate kura.

Hapo ndipo penye uzito wake.

Hofu ndiyo inayowatoa watu nyumbani kwenda kupiga kura. Kila anayeendesha kampeni anajua. Unawaambia watu wako tukishindwa tumekwisha, na wanapanga laini saa kumi za usiku. McCain siku ile, akiwa nyuma kwenye kura za maoni na zimebaki siku 25, alimwambia mpiga kura wake kwamba hata mimi nikishindwa wewe na mtoto wako mtakuwa salama.

Hebu fikiria mgombea unayempenda wewe akisema hivyo.

## Sisi na 2007

Sitarudia yaliyotokea hapa Kenya baada ya uchaguzi wa 2007, wote tunayajua na wengine wetu tuliyaona kwa macho. Nitasema tu kile kinachonikumbusha.

Tarehe 30 Desemba 2007 matokeo yalisomwa na mtu akaapishwa Ikulu jioni ile ile, matangazo ya moja kwa moja yakapigwa marufuku, na sisi tukabaki ndani na redio zilizonyamaza, kadi za simu zimepanda bei, kila mtu anapiga simu kuuliza jamaa wa upande fulani wamefika salama. Tarehe 1 Januari kanisa likachomwa Kiambaa na watu wakiwa ndani.

Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu waliokufa 1,133. Waliohama makwao walipita laki sita.

Kuna kitu cha tarehe ambacho nilipokiona nililazimika kusimama kidogo. Waki alikabidhi ripoti yake tarehe 15 Oktoba 2008. Yaani siku tano baada ya Lakeville, na siku hiyo hiyo ambayo Obama na McCain walikutana kwenye mdahalo wao wa tatu na wa mwisho. Wakati sisi tunasoma jinsi majirani walivyochinjana, wao walikuwa wanabishana kwenye televisheni kuhusu nani amemkosea nani adabu kwenye mikutano.

Na mtoto wa Mkenya alikuwa mmoja wao.

Nimejaribu kukumbuka kampeni za 2007, miezi ile kabla ya kura, upande wowote. Nakumbuka nyimbo, nakumbuka rangi za chungwa na za bluu, nakumbuka tulivyoambiwa kwamba wale wakiingia mashamba yataenda, kazi zitaenda, na wengine wakaambiwa wale wakibaki hamtawahi kuonja tena. Sikumbuki mgombea hata mmoja aliyesimama katika ngome yake, mbele ya watu wa kwao, akasema yule mwingine akishinda mtalala salama. Kama yupo mimi sikumsikia, na nilikuwa nasikiliza.

Tukaambiwa amani, ndiyo. Amani, amani, amani, kila hotuba. Lakini unamwambia mtu adumishe amani na wakati huo huo umemhakikishia kwamba akishindwa atapoteza shamba lake? Atadumisha kwa nguvu gani?

## Shaka zinazonisumbua

Sasa wacha niseme yale yanayonizuia kumpigia yule mzee makofi moja kwa moja.

La kwanza, matangazo yake kuhusu Ayers hayakuishia Lakeville. Palin hakunyamaza. Kuna mtu aliniambia huwezi kumpa medali ya kuzima moto aliyekuwa ameshika kiberiti, na hilo lilinikaa sana. Siku moja baada ya Lakeville, mbunge John Lewis, yule aliyevunjwa kichwa na polisi pale Selma mwaka 1965 akiandamana kudai haki za watu weusi, alisema anayoyasikia kwenye mikutano ya McCain na Palin yanamkumbusha George Wallace, gavana wa ubaguzi wa enzi hizo. McCain aliumia sana. Miezi miwili kabla alikuwa amemtaja Lewis hadharani kama mmoja wa watu wenye hekima ambao angewasikiliza akiwa rais.

Je, Lewis alimwonea? Kwa siku ile ya Lakeville, pengine. Kwa mwezi mzima ule, hapana, sidhani alimwonea.

Lakini nikigeuza geuza hilo swali napata jibu ambalo linanitosha. Aliyewasha ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kuzima, na ndiye pekee ambaye watu wale wangemsikiliza. Tukisubiri mtu msafi aje atulize wafuasi wa mtu mwingine tutasubiri mpaka kiyama, kwani huyo msafi hawamjui, si wao, watamwona kibaraka. Sisi tulimleta Kofi Annan atupatanishe na tunamshukuru milele, ila Annan alikuja watu wakiwa tayari wamezikwa.

La pili ni zito zaidi kwangu, na nilikaa nalo siku nyingi.

Yule mama alisema Mwarabu. McCain akajibu hapana, ni mtu wa heshima, mtu wa familia. Sasa mtu anayeisikiliza hiyo klipu akiwa Lamu, au Malindi, au Old Town pale Mombasa, ambako Mwarabu ni jirani, ni shemeji, ni mwenye duka anayekukopesha mpaka mwisho wa mwezi, na kwa wengi ni babu kabisa, anaisikia vipi? Anaisikiaje kijana wa Kiswahili aliyezaliwa Muscat? Na hapo hapo Minnesota ndipo wanapoishi Wasomali wengi kuliko sehemu yoyote ya Marekani, watu ambao jirani yao alikuwa anaambiwa kwamba wasiwasi wake hauna msingi kwa sababu Obama si kama wale.

Aliyelisema vizuri ni Colin Powell, Republican mwenzake McCain, jenerali, rafiki yake wa miaka mingi. Tarehe 19 Oktoba alienda kwenye televisheni kutangaza kwamba anamuunga mkono Obama, na akasema watu wanasema Obama ni Mwislamu, jibu sahihi ni kwamba si Mwislamu, ni Mkristo, lakini jibu lililo sahihi zaidi ni kuuliza, kwani akiwa Mwislamu kuna ubaya gani hapa Marekani? Akaeleza picha aliyoiona ya mama mmoja ameegemeza kichwa kwenye kaburi la mwanawe, makaburi ya wanajeshi ya Arlington. Juu ya jiwe hakuna msalaba wala nyota ya Daudi, kuna mwezi na nyota. Kareem Khan, mzaliwa wa New Jersey, ameuawa Iraq akiwa na miaka 20.

Nikilinganisha hao wawili, Powell alisema ukweli kamili na McCain alisema nusu. Sitaki kupunguza hilo. Ila Powell alikuwa studio, ametulia, amejiandaa, na hakuwa anaomba kura. McCain alikuwa amesimama mbele ya mama aliyeanza sentensi ambayo hakuna ajuaye ingeishia wapi, na kamera zinazunguka, akafanya kilichokuja haraka, akaikata. Nusu aliyoisema ilisemwa na mtu ambaye ingemgharimu. Mimi naichukua hiyo nusu na bado namdai ile nyingine.

## Kilichokuwa kimempata mwenyewe

Sidhani yule mzee alihitaji kuelezwa uvumi unafanya nini. Mwaka 2000 alikuwa anagombea tiketi ya chama dhidi ya George W. Bush, na walipofika South Carolina wapiga kura wakaanza kunong'onezwa kwamba McCain ana mtoto mweusi wa nje. Mtoto mwenyewe alikuwa binti yake Bridget, ambaye yeye na mkewe walimlea kutoka kituo cha watoto yatima Bangladesh. Picha za familia zilikuwepo, watu wanaona msichana mwenye ngozi nyeusi, uvumi unajimalizia wenyewe. Akashindwa South Carolina.

Bridget alikuwa mtoto mdogo wa shule wakati huo.

Ndiyo maana naona alitikisa kichwa haraka vile. Na ndiyo maana pia mwezi ule wa Oktoba unanisikitisha, manake alijua, alijua kabisa, na bado aliruhusu swali la "huyu ni nani halisi" liende jukwaani.

## Phoenix

Tarehe 4 Novemba Obama alipata kura 365 za wajumbe wanaomchagua rais, McCain 173. McCain akatoka kwenye bustani ya hoteli moja Phoenix kukubali, na alipolitaja jina la Obama watu wake wakaanza tena kuzomea. Akanyoosha mikono, ile mikono yake ambayo tangu jela ya Hanoi, alikokuwa mateka wakati wa vita vya Vietnam, haikuweza kupanda juu ya mabega, akawatuliza.

Aliwakumbusha jinsi mwaka 1901 Rais Theodore Roosevelt alivyomkaribisha Booker T. Washington kiongozi wa watu weusi, chakula cha jioni Ikulu na wengi wakachachamaa, na jinsi Marekani ilivyotembea tangu siku hiyo. Akampa Obama pole ya bibi yake, mzaa mama, aliyefariki siku chache tu kabla ya ushindi. Na akawaambia wafuasi wake, kushindwa huku ni kwangu, si kwenu.

Karibu watu milioni 60 walikuwa wamempigia. Huku kwetu Rais Kibaki akatangaza tarehe 6 iwe sikukuu, Kogelo, kwa baba yake Obama, haikulala, na katika shangwe zile nadhani wengi wetu hatukuisikiliza ile hotuba ya aliyeshindwa. Mimi nimeisikiliza sasa, na nimeona kwamba haikuanza usiku ule. Ilianza Lakeville. Kama McCain angekuwa amewaambia miezi yote kwamba Obama akishinda nchi imekwisha, halafu usiku wa matokeo atoke aseme mpeni ushirikiano, nani angemwamini? Wangesema amenunuliwa.

Sisi hilo tunalijua vizuri. Tarehe 30 Machi 2013 Mahakama ya Juu ilipoamua kwamba Uhuru Kenyatta ndiye aliyeshinda urais, Raila Odinga alitoka akasema hakubaliani na uamuzi lakini anauheshimu, na mimi namheshimu kwa hilo mpaka leo. Lakini Kisumu bado kulikuwa na moshi siku ile. Watu walikuwa wameahidiwa kitu kimoja kwa miezi, na saa moja ya televisheni haitoshi kuwarudisha.

## Na je, ilisaidia?

Uongo kuhusu Obama haukufa. Aprili 2011, akiwa rais aliyekaa miaka zaidi ya miwili, ilibidi atoe cheti chake kamili cha kuzaliwa Hawaii, kwa wale waliodai hakuzaliwa Marekani. Donald Trump aliyekuwa anaongoza kelele hizo ndiye Julai 2015 alisema McCain si shujaa kwa sababu alitekwa, na chama cha McCain kikampa tiketi. Kwa hivyo ukiniuliza kama dakika zile za Lakeville zilibadilisha nchi, nitakuambia hapana.

Lakini usiku wa Novemba 2008 ulipita, na yule baba alikuwa amesikia kutoka kwa mdomo wa mtu wake kwamba hana cha kuogopa. Kabla McCain hajafariki Agosti 2018, mwenyewe alikuwa ameomba watu wawili wamzungumzie kanisani Washington, Bush aliyemshinda 2000 na Obama aliyemshinda 2008, na wote wawili wakaja.

Sasa tunaelekea Agosti 2027 na mikutano imeshaanza, ya makanisani, ya mazishini, ya harambee. Nasikiliza kila nikipata bando. Ukiwa na klipu ya mgombea yeyote wa Kenya, chama chochote, akiwa ngome yake, anawaambia watu wake kwamba mpinzani wake si wa kuogopwa, nitumie. Nataka ya kabla ya kura, na nataka ile ambayo wanasikika wakimzomea.